Kutenga daraja kutoka kwenye wingu la nukta na kulihifadhi katika faili yake

Mpimaji_Barabara

Wakuu, salaam. Ninayo faili ya LAZ (wingu la nukta lililobanwa, yaani mamilioni ya nukta zenye X, Y na Z) iliyotokana na upimaji wa leza kwa droni kando ya barabara ndefu, na mhandisi wa usanifu anahitaji kipande kimoja tu, yaani daraja pamoja na ardhi inayolizunguka kwa mita 30 kila upande. Nilichora poligoni katika QGIS, programu ya ramani, na kutumia zana ya kukata mawingu ya nukta, lakini faili iliyotoka haina nukta hata moja. Nilipokata kwa mkasi wa CloudCompare, programu ya kuhariri mawingu ya nukta, nilipata kipande, ila kimebeba pia miti na nyaya za umeme zilizo mbali nyuma ya daraja. Naomba kuelewa chanzo cha mambo haya mawili, na umbizo la kumkabidhi mhandisi bila kupoteza uainishaji wa nukta, yaani namba inayoonyesha kila nukta ni ya kitu gani.

Nukta_kwa_Nukta

Ndugu, jambo la kwanza la kukagua faili inapotoka tupu ni mfumo wa viwianishi. Huenda poligoni yako imehifadhiwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo, ilhali wingu liko katika UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita. Ramani ya QGIS hubadilisha matabaka papo hapo ili yaonekane mahali pamoja, kwa hiyo macho hayawezi kukuonyesha tofauti hiyo. Fungua taarifa za kila tabaka usome mipaka yake: ikiwa moja inaanza na 39 na nyingine na 500,000, hazitakutana kamwe. Hifadhi poligoni upya katika mfumo wa wingu, na usiishie kubadilisha jina la mfumo katika sifa za tabaka, kwa maana hilo hubadilisha lebo tu na kuziacha namba kama zilivyo.

Zana hiyohiyo inakubali pia kichujio. Ukiandika Classification == 2 utabaki na ardhi peke yake; majengo ni 6, na katika toleo la 1.4 la LAS (umbizo la LAZ kabla ya kubanwa) sakafu ya daraja ni 17. Kabla ya kukitegemea kichujio, hakikisha kwamba kuna mtu aliyeainisha data hizo, kwa sababu wingu ambalo nukta zake zote ni 0 au 1 halina cha kuchujwa.

Mkasi_wa_Leza

Kuhusu miti na nyaya: poligoni unayoichora kwenye skrini haina kina. Huchukua kila kilichomo ndani ya mstari, kuanzia nukta iliyo karibu nawe hadi ile ya mwisho kabisa nyuma yake, kwa hiyo ukikata ukiwa umelitazama daraja kwa ubavu, ni lazima ubebe na vilivyo nyuma. Anza kwa kutazama kutoka juu, kata mzingo wa eneo, kisha geuza mtazamo wa ubavuni na uondoe nyaya zilizo juu ya sakafu. Mikato miwili ya namna hii hutosha kwa madaraja mengi.

Unapofungua faili, CloudCompare itapendekeza kusogeza viwianishi karibu na sifuri. Kubali. Programu hiyo hutunza nafasi za nukta kwa namba za desimali za biti 32, zenye takribani tarakimu 7 za kuaminika, na kiwianishi cha kaskazini chenye mamilioni ya mita kitapoteza usahihi hadi kufikia nusu mita au zaidi. Wakati wa kuhifadhi, nafasi halisi hurejeshwa.

Mkabidhi LAZ au LAS, na uchague kipimo cha 0.001 ili milimita zibaki. Faili ya maandishi yenye X, Y na Z peke yake huacha nyuma uainishaji, nguvu ya mwangwi wa leza na hata mfumo wa viwianishi, binafsi siipokei.

Mteremko

Ninaafikiana na wenzangu, isipokuwa kwamba mita 30 kamili hazitoshi ikiwa mhandisi atatengeneza modeli ya ardhi. Kanuni za kutambua ardhi hulinganisha kila nukta na majirani zake, na pembezoni mwa mkato majirani hao hawapo, hivyo ukingo huharibika. Kata kwa mita 50, tengeneza modeli, halafu punguza modeli yenyewe hadi 30. Sakafu ya daraja isiingizwe katika modeli hiyo, la sivyo mto utaonekana umezibwa na tuta.

Mpimaji_Barabara

Nashukuru sana. Poligoni ilikuwa katika nyuzi kweli, na sasa kipande kimetoka. Je, nitathibitishaje kwamba mkato wa CloudCompare haujadondosha nukta?

Mkasi_wa_Leza

Baada ya mkato, kipande kilichotengwa na mabaki yake huwa mawingu mawili kwenye orodha ya kushoto. Jumlisha idadi ya nukta zake kabla ya kufuta chochote. Jumla inapaswa kulingana na idadi ya wingu la awali, pasipo nukta moja kuzidi wala kupungua.