Nakaa ghorofani Majengo, Mombasa, wanangu wanajua kunguru tu. Niwapeleke wapi?

MamaWawili
Asalaam aleikum wanajamvi. Dirisha letu la sebuleni latazama ukuta wa jirani, la jikoni latazama nyaya za stima. Juzi mwanangu mkubwa aliambiwa darasani ataje ndege watatu, akaishia kunguru na kuku. Mbuga ya Shimba Hills siwezi kuimudu kila wiki. Nataka pa karibu, matatu moja tu, na ikiwezekana pasiwe na kiingilio.

Mvuvi_Mstaafu
Waaleikum salaam mwanangu. Chukua kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani. Mwezi mosi hadi mwezi tatu, yaani tarehe mosi hadi tatu, na kumi na tano hadi kumi na saba, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo kwetu Mombasa maji huwa yamekauka mnamo saa nne asubuhi, saa nzuri kwa watoto. Panda matatu ya Nyali, ufike pwani saa tatu, mfuate maji yanavyorudi nyuma. Vidimbwi vinavyobaki vina kiti cha pweza, jongoo bahari, kaa, visamaki vya rangi ambavyo hata mie sijui majina yake yote. Wavishe viatu, kuna vidude vyeusi vya miba. Wala wasibebe kombe wala kiti cha pweza, upande huo kuna hifadhi ya bahari tangu 1986. Saa tano geuzeni, maji yakianza kuja hayamngoji mtu.

kijana_wa_kisauni
Haller Park! Ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu. Wakaanza kupanda mivinje 1971, kisha wakaleta majongoo ili wale majani makavu mpaka udongo ukapatikana. Sasa kuna viboko na twiga.

MamaWawili
Ahsante, ila hapo si kuna kiingilio? Nitapaweka siku ya sikukuu.

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Nenda bustani ya Mama Ngina jioni, kuingia ni bure. Watu wote pale wanatazama meli na kula mihogo, mibuyu nyuma yao hakuna anayeitazama! Ikiwa msimu wa maua, kaeni mpaka magharibi. Ua la mbuyu hufunguka jua likizama, jeupe, kubwa kama kikombe cha chai, na popo ndio wanaolihudumia usiku. Kesho yake limeanguka chini. Watoto waokote, walinuse. Halinukii vizuri, lakini watacheka.

Pwani_Safi
Na mikoko ya Tudor hapo nyuma yenu mwaisahau? Korongo wamejaa maji yakipwa. Takataka zipo, sikufichi, na usiende peke yako.
Kuhusu kunguru: hao wa shingo ya kijivu asili yao Bara Hindi. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, ndio maana huko kwenu chiriku hawaonekani. Mwalimu asimlaumu mtoto.

MamaWawili
Hahaa, nitamwambia mwalimu. Baba mvuvi, Jumamosi hii kalenda yangu yasema mwezi saba. Twende Nyali?

Mvuvi_Mstaafu
Hapana, hayo maji mafu, hayapwi sana, utaona mchanga tu. Jumamosi hii nendeni kwenye mibuyu. Nyali ngojeni mwezi kumi na sita.