Bob Uecker: mdakaji wa akiba aliwezaje kuwa sauti ya Milwaukee?

Mdau wa Redio: Wakuu, naandaa makala kuhusu wachezaji waliogeuka watangazaji. Uecker alicheza besiboli katika ligi kuu za Marekani misimu sita tu, 1962 hadi 1967, na kupiga hakujua sana. Uchezaji ule ulimsaidia nini redioni?

Kona ya Tatu: Ulimsaidia sana, mkuu. Kweli, zamu 731 alipata mapigo salama 146 tu, wastani wa 0.200, na homurani 14, yaani mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja (moja dhidi ya mrushaji nyota Sandy Koufax mwenyewe, 1965). Ila alikuwa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji kudaka mpira. Katika wale tisa wanaolinda, mdakaji peke yake ndiye anayeutazama uwanja wote mbele yake, na enzi zile ndiye aliyemwashiria mrushaji kwa vidole arushe mpira wa aina gani. Macho hayohayo ndiyo anayoyahitaji mtangazaji. Pale St. Louis Cardinals, mabingwa wa 1964, Uecker alikuwa akiba ya Tim McCarver, na wote wawili waliishia kuwa watangazaji wakubwa.

Mshono Mwekundu: Nyongeza: 1967 mipira 27 ilimpita, mingi kuliko mdakaji yeyote wa National League, mojawapo ya ligi kuu mbili za Marekani. Usimhukumu kwa hilo. Tangu Juni alikuwa timu ya Atlanta akimdakia mrushaji Phil Niekro, ambaye mpira wake haukuzunguka. Mpira usipozunguka, mishono husumbua hewa upande huu, mara ule, nao huyumba hadi mwisho. Mpigaji hajui utakapofika, mdakaji vilevile. Msimu huohuo Niekro aliongoza ligi kwa kuruhusu wastani wa mikimbio 1.87 tu kwa kila awamu tisa.

Kona ya Tatu: Kuhusu redio: Bud Selig, mmiliki wa Brewers, timu ya Milwaukee, alimpa kwanza kazi ya kusaka vipaji, kisha 1971 akamkalisha kwenye maikrofoni. Alibaki hapo hadi 2024. Wachezaji wengi wa zamani hukosea kwa kuanza kuchambua kabla msikilizaji hajajua matokeo, awamu, waliotolewa wangapi na nani yuko kwenye besi. Mtangazaji mkongwe Red Barber aliweka kisaa cha mchanga cha dakika tatu kimkumbushe kutaja matokeo. Uecker alikuwa bingwa wa vichekesho, lakini mpira ukirushwa, kichekesho kinasubiri.

Mshono Mwekundu: Na kwenye makala usiandike kwamba alienziwa Cooperstown, kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli, kama mchezaji. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Ford C. Frick, ambayo ni ya watangazaji. Alifariki tarehe 16 Januari 2025, akiwa na miaka 90.