Mshumaa wa Pasaka wa mwaka jana: tukwangue namba tu, au lazima mpya?

MtuWaDunda:
Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Kigangoni kwetu huku Bagamoyo mshumaa wa Pasaka wa 2025 umebaki theluthi mbili. Wapo wanaosema namba ya mwaka inayobadilika juu yake ni moja tu, 5 iwe 6, hela iende kwenye paa. Wengine wanataka ule wa plastiki unaojazwa mafuta. Wajuzi wa liturujia, una maana gani hata ulazimike kuwa mpya? Na zile chembe za ubani za kwenye msalaba unaochorwa juu ya mshumaa zinachomekwaje bila kupasua nta?

Msakristani_Pwani:
Milele, amina. Uwe mpya. Waraka wa Roma wa 1988 kuhusu adhimisho la Pasaka unataka uwe wa nta, mpya kila mwaka, mmoja tu, mkubwa wa kutosha, na usiwe wa bandia kamwe. Mshumaa huu ni ishara ya Kristo mfufuka, aliyejitoa mpaka mwisho. Ndiyo maana lazima uonekane ukiungua na kupungua. Mbiu ya Pasaka, wimbo wa sifa wa usiku wa mkesha, inawataja hadi nyuki waliotengeneza nta. Sasa shemasi aimbe hayo mbele ya bomba la plastiki?

Alama zina mpangilio wake. Padre anachora mstari wa wima wa msalaba, kisha wa mlalo, halafu Alfa juu na Omega chini. Tarakimu za mwaka zinakaa kwenye pembe nne: 2 juu kushoto, 0 juu kulia, 2 chini kushoto, 6 chini kulia. Maana yake ni kwamba nyakati zote ni zake, na mwaka huu tunaouishi umo. Chembe tano za ubani ni madonda matano: ya kwanza juu, ya pili katikati, ya tatu chini, ya nne kushoto, ya tano kulia. Mafundi wengi wa mapambo huanza na mikono ya msalaba, na padre anajikuta maneno anayotamka kwa kila chembe yamempita.

NtaSafi:
Nta hupasuka kwa sababu chembe inasukumwa kwa nguvu kwenye nta ngumu. Mchana wa Jumamosi Kuu, kabla ya mkesha, pasha msumari moto, toboa matundu matano ya kina cha sentimita 2 hivi, mapana kidogo kuliko chembe. Usiku padre anachomeka tu.

Mkitaka kujitengenezea, wa kipenyo cha sentimita 7 na urefu wa 60 unakula kilo 2.2 hivi za nta ya nyuki. Yeyusha kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Ikipita 85 inapoteza rangi. Utambi uwe wa pamba iliyosukwa. Mwembamba mno unachimba shimo katikati na mwali unazama. Mnene mno unatoa moshi. Na msiuegemeze ukutani chini ya bati: kwa joto la pwani utapinda. Ulazeni mahali tambarare, umefungwa kitambaa.

Msakristani_Pwani:
Niongeze la upepo na mvua, maana Pasaka huangukia masika. Kuni za moto unaobarikiwa nje ya kanisa usiku huo zikae ndani tangu Alhamisi Kuu. Msizimwagie petroli, mwali unaruka. Padre asiinamishe mshumaa mzima motoni. Achukue moto kwa mshumaa mwembamba. Kukiwa na kizuizi kwa moto wa nje, rubrika, yaani maelekezo ya kitabu cha misa, zinaruhusu baraka ya moto ifanyike mlangoni.

Katekista_Mstaafu:
Wazee watawaambia unazimwa Sikukuu ya Kupaa. Huo ulikuwa utaratibu wa zamani. Siku hizi unakaa karibu na mimbari au altare mpaka Pentekoste. Baada ya hapo unahamia kwenye kisima cha ubatizo: mishumaa ya wabatizwa inawashwa kutoka kwake, na kwenye mazishi unasimama karibu na jeneza. Kuuacha altareni mwaka mzima kama pambo ni kuufanya usiseme kitu.

Ule wa 2025 myeyusheni kwa mishumaa midogo, kama ni nta kweli. Mkiona mabaki ni meupe kama sabuni na hayana harufu ya asali, huenda mliuziwa parafini. Msiichanganye na nta mpya.