Eti "mashine si cherehani"! Watu wa Tanga mnamjua huyu, msijifanye

Bi Bamia wa Pongwe:
Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, leo nina hasira mpaka naandika huku nimesimama.

Yule wa duka la mashine kule Ngamiani. Mnamjua. Simtaji. Mwenye kalkuleta kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Nimenunua kwake mashine ndogo ya kulimia bustani, hizi za petroli za kusukuma kwa mikono, si pawatila ya mpunga. Nina kishamba nyuma ya nyumba, mchicha, bamia, matembele, na mgongo umeshalikataa jembe. Hela ya kikoba yote nikamkabidhi, na wakati anaihesabu nilikuwa "mama yangu mzazi".

Mashine ikaja kwenye boksi, vipande vipande, na kitabu cha maelekezo ni Kichina mwanzo mwisho. Sawa. Spana ninazo, mpwa wangu yupo, tukafunga. Kufika kwenye meno ndiyo balaa. Yale meno yamepinda, yapo ya kushoto na ya kulia, makali yatangulie mbele yanapozunguka ili yachane udongo. Miye nimepewa ya kushoto matupu! Ukiyafunga kulia makali yanaangalia nyuma. Upande mmoja unachimba kaburi, upande wa pili unapapasa.

Nikayatia kwenye kiroba, nikapanda bodaboda mpaka dukani. Watu wamejaa. Nikamwambia kwa adabu, kaka, meno haya yote ni ya kushoto. Hakuyatazama. Kiroba hakukifungua! Akacheka, akasema kwa sauti ya mnadani: "Bi mkubwa, hii mashine si cherehani. Kamlete mwanaume nimweleze."

CHEREHANI! Mbele ya watu! Mzee mmoja aliyekuja kununua feni belti akainamisha kichwa, mpaka paka wa dukani akatoka nje. Nimesomesha watoto kwa jembe, leo naambiwa cherehani. Na kiroba hakukifungua jamani!

Mkonge Mkavu:
Pole sana mama. Swali dogo tu: cherehani yenyewe unaiweza?

Bi Bamia wa Pongwe:
Weye lazima ni ndugu yake.

Kahawa Tungu:
Huyo huyo! Aliniuzia pampu ya maji, haivuti hata mate. Nilivyorudi akaniambia kisima changu ndicho kibovu. KISIMA! Alichochimba marehemu babu!

fundi_kikeo:
Tuache utani kidogo. Bi mkubwa, oili uliweka? Injini hizo ni za stroku nne, nyingi huja kavu. Oili ina tundu lake, haichanganywi na petroli. Na gia boksi nayo ina oili yake. Ukiwasha kavu, pistoni inang'ang'ania hukohuko ndani, umeua injini.

Bi Bamia wa Pongwe:
Nazungumzia cherehani, weye unaniletea oili.

fundi_kikeo:
Kwa hiyo hukuweka.

Bi Bamia wa Pongwe:
NIMESEMA KIROBA HAKUKIFUNGUA.

Jini Maji wa Sahare:
Weka picha ya meno tuone.

Mkonge Mkavu:
Ya mashine lakini 😂😂

Kahawa Tungu:
Na mimi pampu yangu mbona hamniulizi?

Mwana Chumbageni:
Nyie afadhali, mnatukanwa mkiwa mmeshiba. Kuna yule wa chipsi karibu na stendi ya Kange, kachumbari anakuwekea vipande vitatu vya kitunguu. Ukiomba nyongeza anakutazama kama umemposa mama yake. Mnamjua.

Jini Maji wa Sahare:
Namjua! Na pilipili yake ni maji ya bomba yaliyotiwa rangi.

fundi_kikeo:
Yule si ndiye aliyekuwa akiuza mihogo zamani? Mihogo yake ilikuwa mizuri, msimuonee.

Mwana Chumbageni:
Mizuri? Ina mizizi ile! Nilitafuna mmoja mpaka adhana ya magharibi.

Bi Bamia wa Pongwe:
Hivi nyie, uzi huu si wa mashine?

Jini Maji wa Sahare:
Mama, hapa tupo kwenye kachumbari. Ya mashine kafungulie uzi wake.

Kahawa Tungu:
Na pampu.