Kichwa kinagoma kazini kila mchana. Kukaa kwenye miti kunasaidia kweli?

Mhasibu_Kimya: Wakuu, naombeni ushauri. Kutwa macho yangu yako kwenye kompyuta. Ikifika saa nane mchana nasoma mstari uleule mara tatu na hauingii. Mapumziko ni nusu saa, nayo huishia hapohapo mezani na simu. Nyuma ya ofisi kuna bustani. Nikikaa huko nitapata nafuu, au ni kujifariji tu?

Mzee wa Kivuli: Nenda mkuu, na simu iache ndani. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza kwamba umakini wa kujilazimisha, huo wa mahesabu, huchoka ukitumika mfululizo. Majani yakitikisika, ndege wakiruka, macho yanafuata yenyewe, na ule umakini uliochoka unapumzika. Simu inakudai uamue kila mara: fungua, jibu, puuza. Utakuwa umehamisha ofisi tu.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha watu waliotembea kwenye bustani ya miti na waliotembea katikati ya mji. Kwenye jaribio la kupima umakini, wa bustanini walirudia tarakimu kinyumenyume vizuri zaidi, na faida hiyo haikutegemea kama matembezi yamewafurahisha. Hilo ndilo linalonipa moyo: hata siku umenuna, nenda.

Nesi_wa_Zamu: Kwa tusioweza kutoka, hata dirisha lina kazi yake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huko Pennsylvania. Waliolazwa wakitazama miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Omba meza iliyo karibu na dirisha.

Bi Subira: Naongezea, kaka. Kama usingizi umepotea na hata siku ya mapumziko unaamka umechoka, mwone daktari na uzungumze na bosi. Bustani haipunguzi rundo la kazi.

Mhasibu_Kimya: Usingizi upo, asante dada. Nusu saa inatosha?

Mzee wa Kivuli: Piga hesabu: siku tano ni dakika 150. Utafiti wa 2019 uliohusisha watu karibu 20,000 Uingereza ulikuta waliofikisha dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walikuwa na afya na furaha zaidi, hata kama walizigawa kidogokidogo. Yawezekana pia wenye afya ndio hutoka zaidi, lakini kwako kujaribu hakuna gharama. Mvua ikinyesha, simama barazani uitazame.