Dereva mpya wa semi: gari ikifia njiani dispacha ananiwakia, nifanyeje?

Mgeni_wa_Lami:
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo hasa nyie mlioko barabarani miaka mingi. Mimi nina miezi 5 tu tangu nikabidhiwe gari, kabla ya hapo nilikua utingo miaka 3 kwa dereva mmoja aliyenifundisha kazi vizuri. Napiga Dar - Lubumbashi, kwenda nabeba salfa kurudi nabeba shaba.

Safari iliyopita naanza kupanda mlima Kitonga, hata nusu sijafika, geji ya joto ikapanda ghafla na mvuke unatoka mbele, nikatafuta upenyo nikaweka pembeni. Kumbe mpira wa chini wa rejeta umepasuka maji yote yamemwagika. Nikampigia dispacha, yule wa ofisini anayepanga na kufuatilia safari, neno la kwanza ananiambia "wewe kila siku gari yako mbovu", alafu ananiambia jaza maji panda nayo mdogo mdogo mpaka Iringa. Nikamwambia mkuu haiwezekani, mpira umechanika urefu wa kiganja, maji hayakai hata dakika 1. Akakata simu.

Nimelala pale siku 2. Gari ipo karibu na kona, malori yanapita yanatusugua, utingo wangu mchana kutwa anapunga tawi kule nyuma. Pesa ya ofisi haiji, mwisho nikaita fundi wa Ilula akaja na bodaboda, mpira, kulanti na ufundi nikalipa laki 1 na 80 kwenye mileji yangu mwenyewe, yaani posho ya safari. Kurudi Dar naambiwa lete risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jamani fundi wa porini EFD anaitoa wapi? Hela haijarudi mpaka leo na tangu siku hiyo wenzangu wanapakia mimi naambiwa subiri yadi, wiki ya 2 sasa hivi. Nina mke na mtoto mdogo, gari ikisimama mileji hakuna.

Swali langu, hivi nilikosea wapi? Na huyu dispacha naishi naye vipi, au nitafute kampuni nyingine?

Mzee_Kitonga:
Mdogo wangu pole sana. Kwanza nikuambie ukweli, kuzima gari pale ulifanya sawa kabisa, ungemsikiliza ukapanda bila maji ungeua silinda hedi au ungekwamisha injini kabisa, na huyo huyo aliyekuambia panda ndo angekuwa wa kwanza kuuliza nani alikuambia uendeshe gari inachemka. Nimeyaona haya tangu enzi za Scania 113.

Ila kuna kitu hukufanya, nacho madereva wengi wapya hawafanyi. Ulipiga simu tu. Simu ikishakatwa hakuna ushahidi, imebaki neno lako na lake, na yeye yupo ofisini karibu na bosi wewe upo Kitonga. Ukishaweka gari salama kabla hata ya kupiga, toka na simu yako piga picha mpira uliopasuka, piga dashibodi geji ionekane, piga gari lilivyokaa barabarani, tuma kwenye WhatsApp ya ofisi alafu andika maneno manne matano: nipo wapi hasa, nini kimekufa, gari inaweza kutembea au haiwezi, nahitaji nini. Baada ya hapo ndo upige. Mkimaliza kuongea andika tena "kama tulivyoongea umesema nipande mpaka Iringa, mimi naona injini itakufa, nasubiri maelekezo". Usiandike kwa hasira, andika kama mtu anayeomba kazi iende. Mara nyingi akiona maneno yake yameandikwa anabadilika mwenyewe.

Na hiyo "nipo wapi" sio "nipo Kitonga". Kitonga ndefu. Sema umepita wapi, kona ya ngapi, upande wa ukuta au upande wa korongo, tuma na lokesheni ya simu. Fundi akitoka Iringa na spea usiku hatafuti gari kwa tochi.

Suala la breki ndo sitaki ulifanyie mjadala na mtu yeyote. Mwaka fulani narudi na shaba, nimefika Ilula naona upepo wa breki hautulii, napampu breki mara 2 geji inashuka, inapanda, inashuka tena. Nikasimamisha. Dispacha wa wakati ule akaniambia shuka tu na gia ndogo, mteja anasubiri bandarini meli inafunga. Nikamwambia kaka mimi Kitonga siishuki na upepo huu, kama kuna dereva mwingine mlete aje achukue funguo. Alinitukana. Fundi alivyofungua chemba ya breki ya nyuma raba ya ndani imechanika, na nyingine ya treila inaelekea huko huko. Nimekaa yadi wiki 3 baada ya pale kama wewe, lakini nipo naandika hapa. Breki, usukani na matairi ya mbele ukiona hapaeleweki gari haitembei, vingine vyote tunaweza kuongea.

dada_operesheni:
Naomba na mimi niseme kwa sababu nimekaa kwenye hicho kiti. Siko kampuni yako lakini kazi ni hiyo hiyo. Kaka huyo mtu kukukatia simu amekosea, sitamtetea. Ila nataka uelewe kwanini anakuwa hivyo ili ujue pa kumshika.

Zamu yangu ya usiku naangalia gari zaidi ya 50 kwenye skrini peke yangu. Saa 8 usiku kuna aliyekwama Mikese, kuna wa Nakonde karatasi zake hazijatoka, kuna mteja anapiga kutoka Lubumbashi anauliza mzigo uko wapi, na asubuhi tajiri ataniuliza mimi kwanini gari 3 zimelala. Mzigo wa transiti una sili ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, gari likisimama sana au likitoka njia wanaona, maswali yanakuja kwetu. Kwa hiyo ukipiga ukasema "gari mbovu" tu kichwa changu kinaenda moja kwa moja kwenye hesabu ya masaa, sio kwako wewe kama binadamu. Najua sio sawa lakini ndo inavyokuwa.

Jambo la pili ni uongo, na hili nalisema kwa uchungu. Wapo madereva wanapiga wanasema gari imekufa Mafinga kumbe yupo kwao Makambako amelala nyumbani, GPS inaonyesha kabisa. Wapo wanaosema dizeli imeisha kumbe imenyonywa. Wewe mpya hujafanya hayo lakini unalipia ya wenzako, dispacha hajakujua bado. Mimi dereva ninayemuamini namjua kwa kitu kimoja tu, ananiambia mapema. Akiwa Chalinze ananiandikia dada kuna tairi la treila la tatu kulia simwamini, mimi naanza kutafuta tairi Morogoro kabla halijapasuka. Huyo akinipigia usiku kwamba imekufa sina swali, natuma hela.

Sasa hela yako. EFD ni kweli ofisi inatakiwa ionyeshe matumizi yake TRA, bila hiyo risiti hesabu zinakataliwa, kwa hiyo mhasibu hakuonei. Lakini kampuni nyingi zina vocha ya petikeshi kwa mafundi wa njiani. Andika jina la fundi, namba yake ya simu, kazi aliyofanya, kiasi, asaini. Lipa kwa simu usilipe keshi, ujumbe wa muamala ni ushahidi. Ikiwezekana nunua spea mwenyewe kwenye duka la Iringa au Morogoro wenye EFD, fundi umlipe ufundi tu. Na kitu kuukuu USITUPE. Mpira ule uliopasuka ulitakiwa urudi nao yadi, ukauweka mezani kwa wekshopu meneja. Kitu kuukuu kinaongea kuliko wewe. Kama bado upo kwenye tulboksi nenda nao kesho asubuhi.

Msafiri_Malaba:
Mimi niko huku Kenya, Mombasa - Kampala. Nakubaliana na huyo dada karibu yote lakini kwa hiyo ya kulipa na pesa yako siungi mkono hata kidogo. Kaka, ukishalipa mara moja umewafundisha kwamba dereva huyu atajipanga. Next time wakijua una mileage mfukoni M-Pesa inachelewa. Mimi naambia ofisi fundi ako hapa, bei ni hii, hii namba yake mtumieni direct. Wakikataa nangoja, napika chai.

Kitu ingine, angalia unabeba nini. Hiyo salfa inashika moto, usikubali fundi awashe gesi ya kuchomelea karibu na mzigo ati ni dakika tano. Na siku ukipewa tenki ya mafuta ikuharibikie mahali kuna watu, toa watu kwanza kabla ya kufikiria gari. Huku tulipoteza watu zaidi ya 100 Sachangwan 2009, na nyinyi Msamvu Morogoro 2019. Wengi walikuwa wamekimbilia kuchota mafuta.

Mzee_Kitonga:
Msafiri hapo kwenye kulipa tunatofautiana kidogo, kukaa Kitonga siku 2 kwenye kona sio sawa na kukaa sheli. Sehemu hatari kama ile mimi ningelipa pia nitoke, ugomvi wa hela nikaufanyie mjini. Ila kama upo Ruaha Mbuyuni pana maegesho na chakula, hapo subiri wao.

Na mdogo wangu ukiharibikiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi usiku, usishuke kuzunguka zunguka na tochi kama upo stendi. Zile kilomita 50 wanyama wanavuka muda wowote. Washa hazadi, weka reflekta mbele na nyuma utingo akiangalia, rudini ndani, pigeni simu.

Mbongo_Texas:
Nawasoma nikiwa trakistop huku Marekani, naendesha mwaka wa 4. Ugomvi na dispacha upo dunia nzima kaka usidhani ni wewe tu. Tofauti huku kuna sheria inanilinda, saa 11 za kuendesha kwa siku zikiisha kifaa kinaandika chenyewe, na tangu 2016 kampuni ikinilazimisha niendeshe gari bovu au nivunje masaa naweza kuwashtaki serikalini. Gari ikisimama barabarani nina dakika 10 niwe nimeshaweka reflekta 3.

Lakini hata na sheria zote hizo kinachonisaidia zaidi ni ukaguzi kabla ya kuondoka. Kila asubuhi nazunguka gari, napiga picha, naandika. Nikikuta kitu naripoti nikiwa bado yadi. Dispacha hawezi kusema nimeua gari wakati nilimwambia juzi. Ile mipira ya rejeta ibonyeze na kidole gari ikiwa baridi, ukisikia imelegea kama mkate uliolowa au ina nyufa kwenye klipu, omba ibadilishwe kabla hujapakia.

Mgeni_wa_Lami:
Asanteni sana wakuu, na dada ubarikiwe. Kusema ukweli ule mpira niliubonyeza kabla ya safari na nikaona umelegea, nikamwambia fundi wa yadi kwa mdomo akasema utafika. Sikuandika popote. Hapo ndo najilaumu.

Mpira ninao, utingo aliufungia kamba ya turubai. Swali la mwisho dada, nikienda kesho nianzie kwa nani, dispacha, mhasibu au bosi mwenyewe? Naogopa nikimruka dispacha ndo itakuwa vita kabisa.

dada_operesheni:
Usimruke. Anzia kwake, nenda zamu inapoanza kabla simu hazijaanza kulia, usiende jioni amechoka. Msalimie, mwambie bosi wangu safari ile hatukuelewana, nimekuja na mpira wenyewe uuone na ujumbe wa muamala wa fundi, naomba unisaidie kwa mhasibu. Hapo umempa nafasi ya kuwa upande wako. Hela usiidai mbele ya watu. Usiguse kabisa habari ya kukukatia simu, hiyo iache. Akikukatalia ndo umuombe ruhusa ya kumuona wekshopu meneja, mbele yake, sio kwa siri. Na uliza wazi kama kuna kosa limekuweka yadi au ni zamu tu, kuna wakati mizigo ya salfa inapungua bandarini dereva anadhani ameadhibiwa.

Mgeni_wa_Lami:
Wakuu narudisha mrejesho. Nilienda saa 1 asubuhi. Jamaa aliushika ule mpira akaugeuza geuza, akakaa kimya kidogo, akasema mbona hukunitumia picha. Nikamwambia kosa langu kaka. Hakuomba msamaha, ila alinyanyuka mwenyewe akaenda nao kwa mhasibu. Wamesema laki 1 na 20 watarudisha kwa vocha, 60 ya bodaboda na ufundi bado wanabishana. Wekshopu wameagizwa wakague mipira ya gari zote za aina ile.

Kesho kutwa napakia. Nimezunguka gari leo, nimekuta klipu moja ya mpira wa juu imelegea, nimepiga picha nimemtumia saa hiyo hiyo. Kajibu "sawa, pitia wekshopu". Mzee Kitonga kitu kimoja tu sikukuambia, tulivyoondoka pale kona tuliyaacha mawe tuliyowekea tairi, tumeyakumbuka tumeshafika Ilula. Nikipita safari hii nasimama niyaondoe kama bado yapo.

Mzee_Kitonga:
Simama kwenye upana baada ya kona, utingo arudi kwa miguu na kizibao cha kuakisi. Usisimame konani.