Kathodi ya kikaboni kwa betri ya zinki ya maji: kwinoni, polianilini au pirazini?

Zinki_Safi: Wakuu, naomba mwongozo. Kathodi yangu (ncha chanya) ya dioksidi ya manganizi imenichosha: manganizi inayeyuka kidogo kidogo ndani ya elektroliti (myeyusho ulio kati ya ncha mbili) na uwezo wa seli, yaani chaji inayohifadhi, unashuka. Anodi (ncha hasi) ni bati la zinki, elektroliti ni salfeti ya zinki. Nataka kuhamia kathodi ya kikaboni, na nina njia tatu: kwinoni za molekuli ndogo, polianilini (polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli), au molekuli zenye pete za pirazini (pete zenye nitrojeni mbili). Nianze na ipi?

Kemia_Daima: Kwinoni zinatamanisha. Parabenzokwinoni ina 496 mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji) kwa gramu kinadharia. Shida inakuja seli inapotoa chaji. Karbonili zake (kaboni iliyoshikana na oksijeni) zikishapokea elektroni, oksijeni zake hubeba chaji hasi na maji huivuta molekuli itoke kwenye kathodi. Mwaka 2018 kaliksikwinoni (kwinoni kadhaa zilizounganishwa kuwa pete) ilifikisha 335 mAh kwa gramu, kwa takriban volti 1, lakini ilihitaji utando wa Nafion (plastiki inayopitisha ioni chanya) kuzuia kilichoyeyuka kisiifikie zinki. Utando huo ni ghali, na hapo ile faida ya betri rahisi inapotea. Fungua seli yako baada ya mizunguko michache. Kitenganishi cha nyuzi za kioo, kile kinachokaa kati ya anodi na kathodi, kikiwa kimepata rangi, kwinoni yako inahama.

Mnyororo: Mimi ni wa polianilini. Haiyeyuki ovyo na inapitisha umeme yenyewe. Ila inataka asidi: pH ikipanda hupoteza protoni zake, na upitishaji unakwenda nazo. Waliofunga vikundi vya sulfoni (vikundi vya asidi vyenye salfa) kwenye mnyororo wenyewe wamepunguza tatizo hilo, kwa kuwa protoni hubaki karibu.

Bi_Elektroni: Kuhusu pirazini, ndugu, angalia ni nini hasa kinachoingia. Nitrojeni zake hupokea protoni kwa urahisi. Protoni zikiingia, haidroksidi hubaki kwenye maji, na mabamba ya salfeti-haidroksidi ya zinki huota juu ya kathodi. Kwenye mtawanyiko wa eksirei (kipimo kinachotambua fuwele) utaona kilele karibu na digrii 8. Nimeona watu wakikipima hicho na kutangaza kwamba zinki imeingia ndani ya molekuli. Inaniuma, maana anayefuata anajenga juu ya kosa.

Kemia_Daima: Kweli kabisa dada. Niongeze: pima pia elektrodi ya kaboni tupu. Molekuli hizi nyingi hazipitishi umeme, kwa hiyo hupewa kaboni nyingi, kisha uwezo unagawanywa kwa uzito wa molekuli peke yake, na mchango wa kaboni unahesabiwa kuwa wa molekuli.

Mnyororo: Na usidanganywe na mizunguko elfu ya mkondo mkubwa. Inaisha kabla molekuli haijapata muda wa kuyeyuka. Tumia mkondo mdogo, halafu iache seli ipumzike ikiwa imetoa chaji.

Zinki_Safi: Asanteni sana. Naanza na polianilini yenye sulfoni, na kwinoni moja pembeni ya kulinganisha. Zote zitapumzika saa 48 baada ya kutoa chaji, bila utando. Nikifungua seli nitaleta picha za vitenganishi hapa.